Nchi Isiyo na Bado

Paliondokea nchi moja ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, maana wenyeji wake walikwisha kulichoka na wageni hawakuwahi kulijua. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo, jeshi na treni. Bendera ilipepea, wimbo uliimbwa, jeshi lilikula. Treni ndiyo yenye hadithi.

Mkuu wa nchi hiyo hakuitwa rais wala mfalme. Aliitwa Dereva wa Taifa, kwa kuwa mwenyewe alisema nchi ni gari moshi na yeye ndiye aliyeshika usukani. Wajuzi wachache walinong'ona kwamba gari moshi halina usukani. Wajuzi hao hawaonekani siku hizi, na usukani ulitengenezwa wa dhahabu ukatundikwa Ikulu. Dereva hakupata kupanda treni hata mara moja, kwani, kama alivyoeleza kwa unyenyekevu wake wote, dereva hawezi kuwa abiria. Alikwenda kwa msafara wa magari meusi, na barabara kubwa ya mji mkuu ilifungwa usiku na mchana, ili siku atakapotaka kupita asibughudhiwe na watu.

Wananchi wake walikuwa na adabu kupita kiasi. Kwa adabu hiyo hawakupenda kumtamkia mtu "hapana". Ukimuuliza kijana kama ameoa, alikujibu "bado". Ukimuuliza mama aliyepita umri wa kuzaa kama ana mtoto, alikujibu "bado". Hata kikongwe asiyejua alifu wala be, ukimuuliza kama anajua kusoma, alisema "bado" na kutabasamu. Kwao "hapana" ulikuwa mlango uliotiwa komeo, na "bado" ulikuwa mlango uliorudishwa tu; Mungu akitaka kuingia, ataingia.

Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Siku ya kufungua Stesheni Kuu, Dereva wa Taifa aliteremka kwenye zulia, akamwendea fundi viatu mmoja aitwaye Mzee Kitunga, akamshika bega mbele ya kamera zote.

"Je, mzee wangu," akamuuliza, "maendeleo yamekufikia?"

Mzee wa watu akavua kofia. Angeweza kusema hapana, na ingekuwa kweli, lakini alilelewa.

"Bado, mheshimiwa," akasema kwa upole.

Alikuwa na maana kwamba yatakuja, Inshallah, na kwamba yeye hana kinyongo. Mheshimiwa alisikia jingine. Mzee Kitunga akachukuliwa akaonyeshwe maendeleo, na hadi leo anaonyeshwa.

Juma hilohilo Waziri wa Mwendo akasimama redioni. "Ndugu wananchi," akanguruma, "neno hili 'bado' ni kutu katika reli ya taifa! Ni neno la mvivu, ni neno la adui, ni neno la mtu anayetazama saa! Nchi iliyofika haina bado. Kuanzia sasa, atakayelitamka stesheni, sokoni au kitandani kwake, atahesabiwa kuwa amelala mbele ya treni." Watu wakapiga makofi, wakarudi nyumbani kutafuta namna ya kuishi.

Wajanja wakakimbilia "ngoja". Likafungiwa. Wakahamia "subiri". Likafuata, kwa kuwa anayesubiri anadai kuna kitu hakijafika. "Hakijafika" nako kukafutwa, pamoja na ukoo wote wa hajala, hajalala na hajaja. Walimu wakaagizwa kuchana kurasa zenye methali ya "kawia ufike", na mwalimu mmoja aliyeuliza kama kurasa zile zimechanwa zote akajibiwa na mwenzake kwa neno ambalo liliwapeleka wote wawili alikokwenda Mzee Kitunga.

Mwisho, ili treni isionekane haitoshi, mabasi yakaondolewa barabarani. Magari ya wagonjwa yakaondolewa pia. Katika treni, serikali ilisema, mna behewa zima la wagonjwa lenye mapazia meupe.

*

Treni yenyewe ilikuja siku ile ya ufunguzi, ikapigwa picha, ikapuliza honi, ikaondoka. Kilichoipata huko ilikokwenda ni siri ya ulinzi. Tangu hapo ilikuwa inafika kwa kutangazwa.

Aliyeitangaza alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, jina lake Mwatumu binti Sefu, mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kazi aliipata kwa sauti hiyo, na kazi haikuwa ngumu. Wakati wa treni ukiwadia alikaa mbele ya kipaza sauti akasema, "Abiria, treni imefika. Pandeni kwa utaratibu." Kisha alinyamaza kidogo, kwa kuwaheshimu wanaopanda, akamalizia, "Treni imeondoka. Tunawatakia safari njema." Relini palikuwa patupu. Majani yalikuwa yameota katikati ya mataruma ya reli, na mbuzi wa mkuu wa stesheni walikuwa wakiyala bila kuinua vichwa. Lakini tangazo lilikwisha kutolewa, tiketi zilikwisha kutobolewa, na kwa sheria abiria walikuwa safarini.

Abiria wa mwanzo walicheka. Walijitwika mizigo wakarudi makwao, na huko wakakamatwa kwa kosa la kuonekana mahali ambapo hawapo. Waliofuata wakapata akili, wakabaki palepale jukwaani. Wakatandika mikeka, wakapika, wakachumbiana, wakagombea vivuli. Mkaguzi akiwauliza mko wapi, walijibu kwa sauti moja kwamba wako safarini, na mkaguzi akawatakia safari njema.

Mwatumu alikuwa akiwaona kupitia dirisha la chumba chake. Mwanzoni aliona haya, akawa anafumba macho anapotangaza. Baadaye haya zikachakaa kama zinavyochakaa zote. Alijiambia kwamba asemaye si yeye, ni kazi. Kwamba yeye hajamwongopea mtu, anasoma tu alichoandikiwa. Tena alikuwa na binti wa kumtunza, Siwema, mwanawe wa pekee, ambaye mumewe alikuwa mwanajeshi, amepelekwa mpakani kuwazuia wananchi wasiende kupumzika katika nchi jirani. Siwema alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa ajili ya Siwema, Mwatumu angetangaza hata kiyama na kuwatakia watu safari njema.

*

Uchungu ulimshika Siwema alfajiri ya siku ya kuzaliwa Dereva wa Taifa. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji, na barabara, kama tulivyosema, ilikuwa ikimngoja mwenyewe. Mwatumu akamkokota mwanawe polepole hadi stesheni. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mkunga hodari kuliko wote mtaani, Bi Mashavu, alikuwa ametobolewa tiketi miezi iliyopita na sasa alikuwa akiishi jukwaani, hawezi kutoka. Ya pili ilikuwa ahadi.

Bi Mashavu akamlaza Siwema kwenye mkeka, wanawake wakashika khanga kumzungushia pazia. Mkunga akampima, akanyanyuka akimvuta Mwatumu kando.

"Mimba ya kwanza, shoga, na njia imebana," akasema. "Mimi nitafanya la kwangu, lakini huyu ni wa hospitali. Hapa nina mikono tu."

"Atakwenda leo," Mwatumu akasema. "Bwana Lukindo kaniahidi. Kwa heshima ya siku ya leo, treni inakuja kweli."

Bi Mashavu akamtazama. "Kweli ile unayotutangazia wewe?"

Mwatumu akampa mgongo. Akaenda zake ofisini kwa mkuu wa stesheni. Bwana Lukindo alikuwa mtu mnene, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi kwenye soksi, na siku hiyo alikuwa amebandika kifuani ua la karatasi.

"Inakuja kweli?" Mwatumu akamuuliza.

"Kweli yenyewe, mama. Ya chuma."

Basi akaamini. Mtu aliyeidanganya nchi nzima kwa sauti yake mwenyewe aliketi akiitegea reli masikio, akitaraji honi. Tusimcheke. Mwenye shida hakosi cha kuamini, na hapo hapakuwa na kingine.

Wakati wa treni ukafika. Reli ikawa ileile, na mbuzi walewale. Bwana Lukindo akaja mlangoni akitazama viatu vyake.

"Tangaza," akasema.

"Nitangaze nini? Umeniambia ya chuma!"

"Tangaza, Mwatumu."

"Sitangazi. Nikisema imeondoka, mwanangu atakuwa ameondoka. Nani atamtazama mgonjwa aliyekwisha kuondoka?"

Bwana Lukindo akafunga mlango, akashusha sauti, na tukiri kwamba alisema kwa huruma. "Sikiliza, dada yangu. Usipotangaza, hospitali haitajua kama kuna mgonjwa. Ukitangaza, tangazo linapokelewa kule kwa simu, wanaandaa kitanda, wanaandaa daktari. Unataka aandaliwe au asiandaliwe?"

"Na atafikaje kwenye hicho kitanda?"

"Hilo ni swali jingine, na swali hilo halina idara."

Mwatumu akatazama dirishani. Nyuma ya khanga zile alisikia mwanawe akiguna. Akafikiri kitanda kilichoandaliwa ni bora kuliko kisichoandaliwa. Akafikiri huenda wakimkosa watamtuma mtu. Maji yakizidi unga, mtu huanza kuhesabu mabonge. Akavuta kipaza sauti.

"Abiria, treni imefika," akasema, na sauti yake haikutetemeka, maana ilikuwa imezoea. "Pandeni kwa utaratibu." Akanyamaza. Akanyamaza zaidi ya desturi. "Treni imeondoka. Tunawatakia safari njema."

Alipotoka nje mbio, muuguzi wa dispensari ya stesheni alikuwa anafunga kufuli.

"Nesi, mwanangu yuko pale jukwaani!"

"Wagonjwa wa leo wameondoka, mama," nesi akasema bila ubaya. "Nimekusikia mwenyewe. Hongera, umetangaza vizuri sana leo."

*

Jua likapanda. Siwema alikuwa ameshika ukingo wa mkeka kwa meno. Bi Mashavu alikuwa kwenye kazi yake, na kazi hiyo katika nchi ile ilihitaji ulimi wa mwanasheria. Mara zote alisema, "Njia inafunguka, inafunguka, pumua," na alichunga kila neno, kwa kuwa hatua chache kutoka hapo alisimama Koplo Ngonyo wa Kikosi cha Masikio, na mgongo wake ulikuwa umegeuzwa kwa heshima lakini masikio hayakugeuzwa.

"Bibi, nataka kusukuma," Siwema akalia.

"Pumua kwanza, mwanangu. Pumua tu."

"Siwezi! Nasukuma!"

Bi Mashavu alikuwa amepokea watoto wa mtaa mzima, na kwa kila mtoto alisema neno lile mara mia. Mikono yake ilikuwa inajua kwamba njia imefunguka nusu, na kwamba akisukuma sasa atachanika. Hakukuwa na muda wa kutafuta neno la serikali.

"Bado!" akapiga ukelele. "Usisukume, Siwema, bado! Bado!"

Jukwaa lote likanyamaza. Aliyekuwa anakaanga alizima jiko. Koplo Ngonyo akageuka taratibu, kama mtu aliyeitwa na mkwewe mahali asipopenda kwenda.

"Mama umesema neno," akasema.

"Nimesema, afande. Niache nimalize, kisha unipeleke unakotaka."

"Umelisema mara tatu, mama. Mara moja ningekohoa."

"Huyu mtoto atakufa!"

Koplo alikuwa kijana, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi mwenyewe mke wangu ana mimba," akasema. "Ukibaki, nitachukuliwa mimi." Akamshika mkono. Bi Mashavu akaburutwa na mikono yake ikiwa na mafuta ya nazi hadi viwikoni, akipaza sauti akielekeza, "Mshikeni! Apumue! Msimwache asu..." na mlango wa chuma ukafungwa.

Askari mwingine akaja akashika zamu pale pale.

Mwatumu akapiga magoti kwenye mkeka. Hakuwa mkunga. Alikuwa na sauti tu, ile iliyokuwa ikiondosha mabehewa.

"Mama," Siwema akamwambia, amemshika khanga, "nisukume?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nchi nzima ilikuwa inalijua, mtoto wa chekechea alikuwa analijua. Mwatumu akamtazama askari. Akafikiri: nikichukuliwa na mimi, atabaki na nani? Akafungua mdomo, akaufunga, akamshika mwanawe paji la uso.

"Mama, nisukume?"

Akanyamaza. Na Siwema, aliyelelewa katika nchi ambayo kimya ni ruhusa, akasukuma.

Mtoto alitoka. Alikuwa wa kike, na alilia kwa nguvu zote, mpaka watu wakaanza kupiga vigelegele. Kisha wanawake walioshika khanga wakatazama chini, na vigelegele vikakatika kimoja baada ya kingine. Damu ilipita mkeka, ikafuata mteremko wa jukwaa, ikadondokea relini. Walimfunga vitambaa, walimpandisha miguu, walimwomba Mungu. Siwema aliuliza ni mtoto gani, akaambiwa ni wa kike, akasema ni vizuri. Hakusema jingine. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwatumu aliujua mara mbili pale mkekani, kwa kuwa alijua pia ni neno gani hakulisema.

*

Nchi ile ilikuwa na utaratibu mzuri sana wa kuzika. Ulihitaji cheti cha kifo kutoka hospitali, basi. Mwatumu akaingia ofisini kwa Bwana Lukindo, akapiga simu hospitali, na sauti ya binti mchangamfu ikapokea.

"Siwema? Yupo, mama! Alifika kwa treni ya asubuhi. Hongera bibi, umepata mjukuu wa kiume."

"Siwema amekufa. Yuko hapa stesheni, na mtoto ni wa kike."

Karatasi zikapekuliwa. "Hapana, mama. Wa kiume, ana afya. Na mama yake kalala, ameshakunywa uji."

"Binti yangu, ninamwona kwa macho yangu!"

"Mama," sauti ikawa na masikitiko ya kweli, "tangazo la kuondoka si ulilitoa wewe? Sasa unataka tukuamini lini, asubuhi ile au sasa hivi?"

Mwatumu akaweka simu. Mlinzi wa makaburi naye alikuwa muungwana. Alisema yeye hana neno, ardhi ipo, ila hawezi kumfukia mtu mzima wa afya yake. Hiyo ni jinai. Akashauri angojewe aruhusiwe kutoka wodini kwanza, akashtuka kwa neno alilolitamka, akakimbia.

Jua lilikuwa kali, na maiti haikai. Abiria wa jukwaani wakatazamana. Ardhi yote ya stesheni ilikuwa zege na marumaru. Palikuwa na mahali pamoja tu penye udongo, na pia palikuwa mahali pekee jijini ambapo kila mtu alikuwa na hakika kwamba hapatapita kitu.

Mchana, askari walipokwenda kula, wanaume wakateremka relini na masufuria na vijiko vya kupakulia. Wakachimba kati ya mataruma mawili, wakafika chini kadiri ya nguvu zao. Siwema akasaliwa na watu ambao kwa sheria walikuwa mikoa mbalimbali. Wakamlaza, wakamfunika, wakarudisha kokoto juu, na mbuzi wakarudi.

Mtoto akapewa mwanamke mmoja mnyonyeshaji wa jukwaani. Hakupewa jina rasmi, kwani nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mvulana wa hospitali, ambaye Waziri wa Mwendo alikuwa amemtumia pongezi na kumwita Mwendo.

*

Kesho yake Mwatumu akaingia chumbani mwake kama kawaida. Watu walidhani hatakuja. Alikuja kwa sababu mtoto alihitaji kula, na kwa sababu nyingine ambayo hakuijua hadi alipoketi.

"Abiria, treni imefika," akasoma. "Pandeni kwa utaratibu."

Akaiona sentensi iliyofuata imeandikwa kwenye karatasi. Treni imeondoka. Akatazama dirishani, akapima kwa macho: kutoka mahali treni isimamapo, mbele kidogo tu, kati ya mataruma yale. Angeitamka, na kwa sauti yake mwenyewe angeipitisha juu ya mwanawe, leo, na kesho, na kila siku atakayokula mshahara wa serikali.

Akakaribia kipaza sauti.

"Treni imesimama," akasema. "Haiondoki. Kuna mtu njiani."

Ilikuwa hatari kuliko uasi, maana kwa sheria ilikuwa kweli. Treni ikisimama Stesheni Kuu, zote zinazotangazwa nyuma yake nazo zinasimama. Mahindi yaliyokuwa yakifika mikoani kwa tangazo yakaacha kufika. Mawaziri waliokuwa ziarani kwa tangazo wakakwama njiani, na wakaonekana baa, hawana pa kusingizia. Hospitali ikakosa wagonjwa wa kuwapa uji. Bwana Lukindo akapiga goti mlangoni, akabembeleza, akalia, ua lake la karatasi likaanguka.

Waziri wa Mwendo mwenyewe akaja kwa msafara. Alijaza mlango.

"Mama," akasema kwa sauti ya hotuba, "unajua uzito wa treni? Unajua kwamba umeshika koo la taifa? Mamilioni wako nyuma yako wanakwenda kwenye neema, na wewe mmoja umejilaza!"

"Andikeni kwamba Siwema amekufa," Mwatumu akajibu. "Mtoeni mumzike mahali pa watu, mwachieni mkunga. Mkifanya hayo, treni yenu nitaiachia sasa hivi."

"Siwema yuko hospitali!"

"Basi treni ipo relini, na chini ya magurudumu yake kuna mtu. Chagueni, baba. Ama kuna maiti, ama hakuna treni."

Waziri hakuwa amezoea kuchagua. Shingo ikamvimba, jasho likalowesha kola, na subira aliyokuwa amewafungia wengine ikamwisha yeye.

"Hakuna treni!" akafoka. "Hakuna treni yoyote hapo, mwanamke wewe! Haijawahi kuwapo! Sema imeondoka!"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno yale yakatoka kwenye spika zote za jukwaani, yakagonga marumaru, yakarudi. Mwatumu akasimama. Sasa wamesikia, akawaza. Wamesikia kwa kinywa cha mwenye nayo.

Akatazama dirishani.

Abiria walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja alikuwa akifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mwingine alikohoa. Kisha kutoka upande wa mbali mtu mmoja mwenye hofu akaanza kupiga makofi, jirani yake akaogopa kuachwa, na mara jukwaa zima likawa linashangilia hotuba ya Waziri, wanaume wa masufuria wakiwamo.

*

Waziri wa Mwendo alifika gerezani mapema, na kwa miguu. Waziri mpya aliapishwa, akasema maneno yaleyale kwa sauti nene zaidi. Mwatumu hakufungwa. Serikali ilisema ni mgonjwa, imemsamehe kwa moyo wa mzazi na kumpumzisha kazi, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya kazi, akatobolewa tiketi. Akahamia jukwaani. Alichagua sehemu ya mbele, karibu na mataruma yale, akatandika mkeka, akampokea mjukuu wake kwa yule mwanamke. Akamwita Siwema, na hakuna aliyempinga, maana hakuna aliyemwona.

Watu walijiuliza ni nani atatangaza sasa. Jibu lilipatikana kwa fundi mmoja wa redio, aliyekuwa na miaka mingi ya sauti ya Mwatumu kwenye kanda zake, kila tangazo na kila herufi.

Asubuhi ile mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Spika zikakwaruza. "Abiria, treni imefika," ikasema sauti tamu, changa kidogo kuliko ya sasa, isiyo na uchungu wowote. "Pandeni kwa utaratibu." Ikanyamaza, kwa kuwaheshimu wanaopanda. Mwatumu akatazama reli iliyokuwa tupu hadi macho yanapoishia. Alijua hakuna kitu. Alijua kuliko mtu yeyote katika nchi ile.

"Treni imeondoka," ikasema sauti yake.

Akamziba mtoto masikio kwa viganja vyake viwili, akamwinamia, akangoja ipite.